Maswali ya Wasomaji: Kitabu Gani cha Kuanzia Difraksheni ya Eksirei?

Barua nne zilizotufikia kutoka Mwanza na Geita zinahusu vitabu vya kiada vya difraksheni ya eksirei, yaani mbinu ya kutambua mpangilio wa atomi ndani ya chuma, kauri, saruji, jiwe au mfupa kwa kuangalia pembe ambazo eksirei hutokea baada ya kuigonga sampuli. Barua ya kwanza imejibiwa kwa urefu kuliko zote, kwa kuwa imebeba mambo ambayo zile nyingine zinayagusa kwa mbali.

SWALI (msomaji wa Nyegezi, Mwanza): Shikamoo mwandishi. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili na utafiti wangu unahusu mifupa ya sangara. Nilinunua mapanki, nikayachemsha ili kuondoa nyama na mafuta, nikayakausha na kuyasaga, kisha sehemu ya unga nikaichoma kwenye tanuri la nyuzijoto 900 na sehemu nyingine nikaiacha bila kuchomwa. Sampuli zilipelekwa mkoa mwingine kwenye mashine ya eksirei, nami nimerudishiwa faili mbili zenye safu za namba pamoja na grafu. Msimamizi wangu ameniagiza nitafute kitabu cha kuanzia. Nina fedha ya kununua kimoja tu, na mtandaoni nimeona vingi ambavyo vyote vinajiita utangulizi wa sayansi ya maada. Nichague vipi?

JIBU: Marahaba. Una bahati ambayo wanafunzi wengi hawana, kwa kuwa unatafuta kitabu ukiwa tayari na data yako mwenyewe. Kwa sababu hiyo usijali sana kama kitabu kina jina kubwa. Angalia kama kitakutoa kwenye faili hizo mbili na kukufikisha kwenye sentensi unayoweza kuiandika katika tasnifu na kuitetea mbele ya mtahini. Katika jambo hilo vitabu vya fani hii vinatofautiana mno, hata vile ambavyo sura zake za kwanza zinakaribia kufanana neno kwa neno.

Karibu vyote huanza na historia ile ile: Röntgen kugundua eksirei mwaka 1895, Max von Laue na wenzake mjini Munich kuonyesha mwaka 1912 kwamba fuwele huzitawanya kwa mpangilio, na William Lawrence Bragg pamoja na baba yake kuugeuza ugunduzi huo kuwa njia ya kupima umbali kati ya matabaka ya atomi, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 1915 wakati mwana alikuwa na umri wa miaka 25. Baada ya historia huja kanuni ya Bragg, nλ = 2d sin θ, ambapo n ni namba nzima, λ ni urefu wa wimbi, d ni umbali kati ya matabaka na θ ni pembe kati ya mwale na tabaka, na mchoro wa matabaka mawili yenye miale inayorudishwa. Hapo bado huwezi kutofautisha kitabu kizuri na kibaya. Tofauti huonekana pale kanuni inapokutana na namba zilizotoka kwenye mashine, kwa mfano mwandishi anapotakiwa kukukumbusha kwamba grafu yako imechorwa kwa 2θ ilhali kanuni inataka θ, na kwamba usipoigawa pembe kwa mbili, kila umbali utakaoupata utakuwa wa uongo.

Kwa hiyo ukikishika kitabu maktabani, au ukisoma zile kurasa chache ambazo wachapishaji huzionyesha bure mtandaoni, usianzie ukurasa wa kwanza. Nenda kwenye faharasa, utafute jina la Scherrer, ufungue ukurasa huo. Paul Scherrer alitoa mwaka 1918 kanuni ya kukadiria ukubwa wa vifuwele kutokana na upana wa kilele kwenye grafu, na bila shaka wewe utaihitaji, kwa sababu jambo la kwanza utakaloliona ukiziweka grafu zako mbili pamoja ni kwamba vilele vya unga usiochomwa ni vipana na vimeingiliana, na vile vya unga uliochomwa ni vyembamba na virefu. Kanuni yenyewe ni fupi: ukubwa ni sawa na Kλ ikigawanywa kwa β cos θ, ambapo K ni namba inayokaribia 0.9 na β ni upana wa kilele kwenye nusu ya kimo chake.

Tuifanyie kazi. Chukua kilele kilicho karibu na nyuzi 25.9, ambacho hutokana na matabaka ya 002 (namba hizo, ziitwazo namba za Miller, hutaja mwelekeo wa matabaka ndani ya fuwele) ya haidroksiapatiti, madini yanayofanya mfupa uwe mgumu. Tuseme upana wake ni nyuzi 0.40, na mashine ilitumia eksirei za shaba (zinazotolewa na tyubu yenye shaba) zenye urefu wa wimbi wa nanomita 0.15406. Mtu akiiingiza 0.40 kama ilivyo atapata ukubwa wa nanomita 0.36, yaani kifuwele kilicho kidogo kuliko hata seli moja ya msingi ya haidroksiapatiti, yaani kipande kidogo kinachojirudia kuijenga fuwele, ambayo upande wake mrefu una takriban nanomita 0.94. Hakuna fuwele inayoweza kuwa ndogo kuliko seli inayoijenga. Akizigeuza nyuzi kwanza kuwa radiani, 0.40 inakuwa 0.00698 na jibu linakuwa nanomita 20 hivi, ambalo linaingia akilini kwa mfupa. Kitabu kinachoiandika kanuni ya Scherrer bila kusema kwamba β lazima iwe katika radiani, au kinachosema hivyo katika maandishi madogo chini ya ukurasa, hakikuandikwa na mtu aliyewahi kumsimamia anayeanza, nami nisingekinunua hata kwa nusu bei.

Ukiwa ungali kwenye ukurasa huo huo, tazama kitabu kinasema nini kuhusu mashine yenyewe. Sehemu ya upana wa kilele haitoki kwenye mifupa yako bali kwenye mashine, na ili kuijua hupimwa sampuli ya kulinganishia yenye vifuwele vikubwa na visivyo na mkazo. Ikiwa mashine inachangia nyuzi 0.10, utaiondoaje katika 0.40? Ukitoa moja kwa moja unabaki na 0.30 na ukubwa wa nanomita 27. Ukitoa kwa miraba unabaki na 0.387 na ukubwa wa nanomita 21. Njia zote mbili zipo katika vitabu, na kila moja inategemea dhana kuhusu umbo la kilele. Kitabu kizuri kinakueleza dhana hiyo na kukuachia uamuzi unaoweza kuutetea. Kitabu kibaya kinakupa njia moja kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni, na mtahini akikuuliza sababu, huna la kusema.

Lipo jambo jingine ambalo ningelitafuta hapo hapo: onyo kwamba kifuwele si chembe. Unga wako unaweza kupita kwenye chekecheo laini na bado kila chembe unayoiona kwa hadubini ikawa mkusanyiko wa maelfu ya vifuwele. Kanuni ya Scherrer haijui lolote kuhusu chembe. Vilevile mkazo ndani ya fuwele hupanua vilele, na njia ya kutenganisha athari hizo mbili iliyopendekezwa na Williamson na Hall mwaka 1953 inapaswa kuwemo katika kitabu chochote cha sayansi ya maada kinachojiheshimu.

Kigezo kinachofuata kinakuhusu wewe zaidi kuliko mtu anayefanya utafiti wa vyuma. Haidroksiapatiti ni ya mfumo wa heksagoni, na vitabu vingi vya utangulizi hutoa mifano yao yote kutoka mfumo wa mchemraba, kwa sababu hesabu zake ni nyepesi na kwa sababu shaba, alumini, dhahabu na chumvi ya mezani zote zina umbo hilo. Ukinunua kitabu cha namna hiyo utajifunza kuhesabu dhahabu vizuri sana: kilele cha nyuzi 38.18 kitakupa umbali wa nanomita 0.2355 kati ya matabaka ya 111, ukiuzidisha kwa kipeuo cha pili cha 3 utapata upande wa seli wenye nanomita 0.408, utafurahi, kisha ukirudi kwenye mapanki yako hutajua pa kuanzia. Tafuta sura au zoezi linalohesabu pande mbili za seli ya heksagoni kwa wakati mmoja, hatua kwa hatua, kwa kutumia namba halisi.

Mwisho angalia kurasa zinazohusu utayarishaji wa sampuli. Hizi ndizo kurasa ambazo waandishi wengi huzipita haraka, na ndizo zinazowaumiza watu waliopeleka sampuli mbali na hawakuwapo wakati wa kupimwa. Unga ukijazwa kwenye kishikizo ukakaa chini ya usawa wake kwa sehemu moja ya kumi ya milimita tu, katika mashine yenye nusukipenyo cha milimita 200, kilele cha nyuzi 25.9 husogea upande wa pembe ndogo kwa takriban nyuzi 0.06. Anayeanza akiuona msogeo huo huandika kwamba seli ya fuwele imetanuka, na pengine hujenga sura nzima ya tasnifu juu ya utanuko ambao haukuwapo. Kitabu kinapaswa kukuonyesha jinsi ya kulitambua kosa hilo, kwa mfano kwa kuchanganya unga wa silikoni ambao vilele vyake vinajulikana, kile kikuu kikiwa nyuzi 28.44. Kinapaswa pia kukutahadharisha kwamba chembe bapa, kama za mika au za udongo wa mfinyanzi, hulala upande mmoja zikishindiliwa, na hapo urefu wa vilele hauwezi kulinganishwa na ule wa kwenye jedwali.

Sasa majina. Kitabu kinachotajwa zaidi ni cha B. D. Cullity, *Elements of X-Ray Diffraction*, kilichotoka mwaka 1956, kikarudiwa mwaka 1978, na kikapata toleo la tatu mwaka 2001 kwa kazi ya S. R. Stock. Kiliandikwa kwa ajili ya watu wa metali wasiojua fuwele, kinaeleza kwa maneno kabla ya kuleta hesabu, na matoleo ya mwanzo yanaweza kusomwa bila kujua chochote kuhusu latisi kinyume, dhana ya kihisabati ambayo huwakatisha tamaa wengi. Kwa maelezo sijaona kinachokishinda. Hata hivyo ni kinene, mifano yake ni ya vyuma, na mtu mwenye tarehe ya kuwasilisha tasnifu anaweza kuzama ndani yake asiibuke kwa miezi.

Kwa hali yako ningenunua cha Suryanarayana na Norton, *X-Ray Diffraction: A Practical Approach*, cha mwaka 1998. Hakifiki kurasa 300. Sehemu yake ya kwanza ni nadharia iliyobanwa, na ya pili ni mazoezi manane ya maabara ambayo kila moja lina mfano uliofanywa mpaka mwisho na namba za kufanyia kazi mwenyewe, hivyo hata aliye mbali na mashine anaweza kujifunza. Zoezi moja ni la fuwele za heksagoni, jingine ni la ukubwa wa vifuwele na mkazo, jingine ni la kutambua sampuli usiyoijua. Yaani karibu utafiti wako wote. Udhaifu wake ni kwamba hakitakutosha kwa mbinu ya Rietveld, ile ya Mholanzi Hugo Rietveld ya mwaka 1969 ambayo hulinganisha grafu nzima na muundo uliokokotolewa badala ya kupima kilele kimoja kimoja. Nawe unaweza kuihitaji, kwa sababu mifupa ikichomwa mara nyingine hutoa pia trikalisi fosfeti ya aina ya beta, ambayo kilele chake kikuu kiko karibu na nyuzi 31.0, jirani kabisa na kile cha haidroksiapatiti cha nyuzi 31.8. Ukikiona kilele hicho kwenye faili la unga uliochomwa, azima maktabani kitabu cha Pecharsky na Zavalij cha mwaka 2003 au toleo lake la 2009. Kina kurasa zaidi ya 700 na si cha kuanzia hata kidogo, lakini mifano yake ya Rietveld imeelezwa kwa subira. Programu za kufanyia kazi hiyo hazihitaji fedha: Profex na GSAS-II hupakuliwa bure, na miundo ya fuwele ya kulinganishia hupatikana bure katika hazina iitwayo Crystallography Open Database.

Usinunue kwanza kile cha Warren cha mwaka 1969, ingawa toleo la Dover la mwaka 1990 ni la bei nafuu na ndilo litakalokuvutia. Ni kitabu cha mwanafizikia kwa wanafizikia. Utakipenda baada ya miaka miwili.

SWALI (mwalimu wa fizikia, Ilemela): Ndugu mwandishi, shule yetu imepokea maboksi ya vitabu vya msaada, na miongoni mwake kimo kitabu cha Cullity, toleo la kwanza la mwaka 1956. Mwenzangu anasema kimepitwa na wakati na kitawapotosha wanafunzi wa kidato cha sita wanaotaka kwenda kusomea uhandisi. Tukitupe au tukiweke?

JIBU: Mwalimu, msikitupe. Sheria ya Bragg haijabadilika tangu mwaka 1913, wala umbo la seli ya shaba, wala sababu inayofanya baadhi ya vilele visionekane katika fuwele ambazo seli zake zina atomi katikati ya kila uso. Mambo hayo yameelezwa katika kitabu hicho kwa ustadi ambao waandishi wengi waliofuata wamejaribu kuuiga tu. Mazoezi yaliyo mwishoni mwa sura ni ya thamani kwa mwalimu, na baadhi yamepewa majibu nyuma ya kitabu.

Mwenzako naye ana hoja, ila inahusu sehemu chache. Kurasa nyingi zinaeleza kamera za filamu, ambamo ukanda wa filamu ulizungushwa kuizunguka sampuli na mistari ikapimwa kwa rula baada ya filamu kusafishwa. Leo kigunduzi cha umeme kinafanya kazi hiyo na namba zinaingia moja kwa moja kwenye kompyuta. Sura hizo zisomwe kama historia, ingawa mchoro wa koni za miale zinazokatwa na filamu unamsaidia mwanafunzi kuelewa kwa nini unga unatoa duara na fuwele moja inatoa nukta, jambo ambalo grafu ya kisasa inalificha. Utambuzi wa madini kwa kadi zilizoorodhesha mistari ya kila dutu, unaoanza na mistari mitatu yenye nguvu zaidi, umechukuliwa na programu, lakini mantiki yake ni ile ile ambayo programu inaifuata kimyakimya, na mwanafunzi aliyewahi kuifanya kwa mkono hadanganywi kirahisi na orodha ya majina inayotolewa na kompyuta. Mbinu ya Rietveld msiitafute humo; kitabu kilitangulia kwa miaka 13.

Kuna tahadhari moja ya namba. Majedwali ya zamani kutoka vyanzo mbalimbali yanaweza kutumia kipimo kiitwacho kX, ambacho ni kikubwa kuliko angstromu (nanomita 0.1) kwa takriban asilimia 0.2. Tofauti hiyo haiwezi kumsumbua mwanafunzi wa kidato cha sita, lakini atakayelinganisha upande wa seli alioupima leo na ule wa jedwali la miaka ya thelathini anaweza kudhani amegundua kitu.

Kwa darasa lako ningeongeza jambo moja kabla ya kufungua kitabu. Elekeza kalamu ya leza nyekundu kwenye CD ya zamani ndani ya chumba chenye giza, uwaonyeshe wanafunzi nukta zinazotokea ukutani, na uwape kazi ya kukokotoa pembe wakijua kwamba mistari ya CD iko umbali wa maikromita 1.6 na leza ina urefu wa wimbi wa maikromita 0.65. Watapata takriban nyuzi 24 kwa nukta ya kwanza iwapo leza imepiga wima, na watu wakae mbali na njia ya leza iliyorudishwa ili isiwaingie machoni. Baada ya hapo sura ya tatu ya Cullity itasomeka kwa wepesi, maana watakuwa wameona kwamba kinachohitajika ni umbali unaokaribiana na urefu wa wimbi.

SWALI (kikundi cha wachimbaji wadogo, Geita): Ndugu Mhariri, kijana wetu aliyemaliza chuo anatushauri tununue kitabu cha difraksheni ya eksirei na tuanze kulipia vipimo hivyo, ili tujue marudio yetu (mchanga unaobaki baada ya kuchenjua) yana dhahabu kiasi gani kabla ya kuyauza. Ni kitabu gani kinafundisha hilo vizuri?

JIBU: Hakuna, na fedha hiyo bakini nayo. Difraksheni ya eksirei kwa kawaida huanza kuyaona madini yanapofika kiasi cha asilimia 1 ya sampuli, wakati mwingine chini kidogo kwa madini yenye atomi nzito na kipimo cha muda mrefu. Marudio yenye gramu 5 za dhahabu kwa tani, ambayo wengi wenu mngeyaita mazuri, yana asilimia 0.0005, yaani pungufu mara 2,000. Kilele cha dhahabu hakitaonekana, na mtu asiyejua anaweza kuwaambia hakuna kitu, mkauza kwa hasara. Kiasi cha dhahabu hupimwa kwa njia ya tanuri, ambamo sampuli huyeyushwa pamoja na risasi inayoikusanya dhahabu yote. Kazi hiyo ifanyike maabara, si nyumbani, kwa sababu moshi wa risasi ni sumu.

Kijana wenu hajakosea kabisa, kwa sababu eksirei zinaweza kuwaambia dhahabu hiyo imekaa na nani. Marudio yakiwa na pairaiti nyingi, ambayo hujionyesha karibu na nyuzi 33.1 na 56.3, huenda sehemu ya dhahabu imefungwa ndani yake na haitatoka kwa njia ya kawaida ya kuchenjua. Akitaka kujifunza hilo, ajaribu kitabu kwa maswali mawili. Je, kinataja waziwazi kiwango cha chini ambacho mbinu haioni? Na je, kinaeleza kinachotokea jiwe lenye chuma likipigwa na eksirei za shaba? Mawe ya Geita yana matabaka mengi ya chuma, na atomi za chuma zikigongwa na eksirei hizo hutoa eksirei zao zenyewe, usuli wa grafu unapanda, na vilele vidogo vinazama humo. Maabara yenye tyubu ya kobalti, ambayo eksirei zake zina urefu wa wimbi wa nanomita 0.179, hulikwepa tatizo hilo. Cullity analieleza vizuri. Vitabu kadhaa vipya, vilivyoandikwa na watu ambao sampuli zao ni safi mno, vinalipa sentensi moja.

SWALI (mkutubi wa chuo, Mwanza): Tumeruhusiwa kuagiza vitabu vitatu vya fani hii kwa ajili ya wanafunzi wa uhandisi na wa kemia. Tafadhali tutajie, na utuambie kama tununue matoleo mapya tu.

JIBU: Agizeni Cullity na Stock wa mwaka 2001, Suryanarayana na Norton, na cha tatu kiwe cha Christopher Hammond, *The Basics of Crystallography and Diffraction*, ambacho toleo lake la nne lilitoka mwaka 2015. Hammond anaeleza mipangilio ya ruwaza bapa kabla ya ile ya latisi zenye vipimo vitatu, na wanafunzi wa kemia wanaotishwa na namba za Miller humwelewa yeye kwanza. Kwa Hammond chukueni toleo jipya. Kwa Cullity, mkipata nakala iliyotumika ya mwaka 1978 kwa bei ndogo, nunueni nakala mbili za aina hiyo badala ya moja mpya, kwa kuwa kitabu hiki huazimwa na hakirudi kwa wakati. Kile cha Klug na Alexander cha mwaka 1974 mkipewa bure kipokeeni mkiweke kwenye rafu ya marejeo, lakini msikitolee fedha ya vitabu vya kuanzia. Na kabla oda haijatumwa, chapisheni vijitabu vya kufundishia ambavyo Muungano wa Kimataifa wa Kristalografia, IUCr, unavitoa bure mtandaoni, mkavijalidi na kuviweka mezani. Wanafunzi wataanza navyo wakati wakisubiri maboksi.